Bati Juu ya Vyumba Sita

Jumatatu, 2 Novemba 1992
Nimeamua. Makuti yashuke, bati lipande. Nyumba yangu ya wageni ina vyumba sita, boriti za mikandaa, kuta za udongo. Aibu tupu. Ng'ambo ya barabara, Bi Mwanahawa ana bati, na wasafiri wa Lindi wanakwenda kwake. Mke wangu Mwamvua kasema nyumba hii ina ubaridi wakati wa kaskazi na ina joto wakati wa kipupwe, sasa ninatafuta nini. Nimemjibu kwamba siku hizi kila kitu kipo madukani, hapa Ikwiriri tumebaki sisi tu chini ya minazi iliyokufa. Kaenda zake jikoni. Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Novemba
Kazi imekwisha. Fundi Ashrafu alitaka kuacha uwazi kati ya ukuta na paa, upepo upite. Nimemwambia azibe, utaingiza vumbi. Kaziba, huku akinitazama kama mgonjwa. Paa linang'aa mpaka madereva wanafumba macho. Bi Mwanahawa kaja kuomba makuti yangu ya zamani. Masikini, hana kuni. Nimempa yote, na nimesaidia kuyabeba.

Jumamosi, 7 Novemba
Mama mkwe, Bi Mwanabaraka, kafika kutoka Mohoro. Ana presha, atapumzika kwetu kabla ya kwenda hospitali Mchukwi. Nimempa chumba namba moja, aone mwanawe kaolewa na mtu wa maendeleo. Wageni wawili wameondoka alasiri. Mmoja kasema kakumbuka ana shangazi hapa mjini. Nimemwona barazani kwa Bi Mwanahawa, anakunywa maji. Yule si shangazi yake.

Jumapili, 8 Novemba
Saa nane mchana Mwamvua kapiga ukelele. Nimemkuta mama mkwe sakafuni, khanga imelowa jasho, macho wazi lakini hanijui. Chumba kama tanuri la mkate. Vyumba vingine vitano vivyo hivyo. Mkwe hambebi mama mkwe wake, najua. Nimembeba. Nimevuka naye barabara, basi likanipigia honi, sikusimama. Bi Mwanahawa kafungua chumba mara moja. Ndani ubaridi. Nilipotoka kuchota maji nikainua macho: juu ya bati lake, makuti yangu, yamefungwa vizuri kwa fito.

Tukampepea, tukamfuta kwa kitambaa cha maji. Karibu na alasiri fahamu zikamrudia, akauliza, “Nani kanibeba?”

Mwamvua akasema, “Mkweo, mama.”

“Basi mwambieni asilie. Watu wanamwona.”

Nimelia zaidi. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 9 Novemba
Mama mkwe kanywa uji, kaomba wa pili. Nimekwenda kwa Bi Mwanahawa kuomba makuti, nimeinamisha kichwa. Kanirudishia nusu. Nusu nyingine, kasema, haitoki mpaka mgonjwa atoke. Ashrafu kayafunga juu ya bati, kazibua uwazi wote. Nimemwambia ni wazo langu. Kasema sawa.

Jumatano, 18 Novemba
Mvua za vuli zimeanza. Bati halivuji, makuti yamemeza kelele, upepo unapita. Vyumba vyote vimejaa. Mama mkwe karudi Mohoro mzima, daktari kamruhusu, na kaacha salamu kwamba mkwe wake ana mgongo imara. Mwamvua ananicheka tena kama zamani. Sijapata raha kama hii tangu nioe.

Adhuhuri kapita dereva wa lori kutoka Dar. Kasema hoteli za kule zina madirisha ya kioo kimoja kikubwa, hayafunguki kabisa. Nimemwita Ashrafu aje kesho na futi, apime madirisha yote. Mwamvua sijamwambia. Upepo tumeuvumilia vya kutosha.