Mlio wa Ngo-Ngo-Ngo Siku ya Kumkabidhi Zuhura

Jamani, nimeadhirika leo. Tena nimeadhirika nikiwa na kanzu nyeupe, nimelala chali chini ya gari langu mwenyewe, mbele ya bibi harusi.

Ninaandika nikiwa nje ya nyumba ya wakwe, hapa Kilakala, kwa sababu ndani wananicheka. Nimeona bora mlisikie kwangu kabla hamjaletewa likiwa na chumvi.

Wanaonijua wananijua. Niliondoka Mwembesongo na begi moja kwenda Uarabuni. Nilianza kwa kuosha magari, nikaishia kuyafungua injini. Diploma ninayo. (Imo kwenye fremu sebuleni, ukiingia tu inakusalimia.) Nikarudi na gari la turbo, jekundu, ambalo likinguruma hata kuku wa jirani wanajua nimerudi. Sikusaidiwa na mtu.

Sasa, Zuhura ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwanaidi. Baba yake alifariki mtoto angali anatambaa. Ndoa imefungwa leo asubuhi nyumbani kwa Mama, huko Mgeta, baba yake mdogo akiwa walii. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye anayemfikisha mpwa kwa wakwe na kutamka neno la ukoo: huyu ni wetu, tumewapa, mtunzeni. Neno hilo husemwa mara moja. Zuhura alianza kunikumbusha tangu siku ya posa: "Mjomba, ni wewe. Utoto wangu wote ulikuwa unaniletea sauti kwenye simu. Safari hii nakutaka mzima."

Nikaapa. Walipotaka kukodi gari la kumbeba, nikakataa. Akodi nani na mimi nipo?

Asubuhi, baada ya ndoa, wazee walilizunguka gari. Mtu mwenye kiasi angesema asante akapanda. Mimi nikafungua boneti. Nikawahutubia. Hii ndiyo turbo, hii inavuta hewa, hii inaisukuma. Mzee mmoja akauliza, "Sasa linabeba gunia ngapi?" Nikamhurumia.

Katikati ya hotuba Mama akapita nyuma yangu na kitu mkononi. Akasema kitu kuhusu chakula changu. Nikajibu, "Sawa Mama, sawa," bila kugeuka. (Hapo ndipo palipokuwa pa kugeuka.)

Tukaondoka. Ndugu wengine walitangulia na basi dogo. Ndani ya gari langu tulikuwa watatu: mimi, Dada Mwanaidi, na Zuhura kiti cha nyuma amefunikwa mtandio. Ile njia ya kushuka mnaijua, kona juu ya kona, na gari langu limekaa chini kama mjusi. Nikalishusha polepole.

Tulipofika tambarare nikakanyaga mafuta. Ndipo nikasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikaongeza mwendo. Ngo-ngo-ngo-ngo! Nikapunguza. Ngo... ngo... Mlio unaofuata mzunguko wa injini, mzito, wa chuma kwa chuma! Ukimuuliza yeyote aliyesoma atakwambia: beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma ndani ya injini, imekwisha. Injini inanoki. Ukiendelea, konrodi inatoboa ubavu wa injini na gari linakuwa banda la kuku.

Nikaegesha pembeni.

"Vipi tena?" akauliza Dada.

"Beringi."

"Ndiyo nini?"

"Huwezi kuelewa. Unasikia harufu hiyo? Ni chuma kinaungua."

Akanusa. "Mimi nasikia chakula."

"Dada, hiyo ni pua ya mtu aliyemwoza mwanawe bila kunywa chai."

Boneti sikuifungua. Mtaalamu wa kweli hatafuti juu beringi iliyo chini. Nikapandisha gari kwa jeki, nikalikingia mawe, nikaingia chini na kanzu yangu. Nikaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nikamwambia Zuhura aliwashe. Bibi harusi mwenye hina hadi kwenye viwiko akaruka kiti cha mbele, akawasha.

Ngo-ngo-ngo! Mlio ukanipiga sikioni kama hodi ya polisi.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, tutaiua!"

Uthibitisho wa mwisho ni oili. Beringi ikiisha husagika, na unga wake hushuka na oili ukimetameta. Nikahitaji chombo. Nikafungua buti, nikaona beseni kubwa limejaa kanga. Nikamwaga kanga.

"Wewe Rajabu! Hilo beseni la Zuhura!" Dada akamaka.

"Nitamnunulia jingine."

Nikalegeza nati, oili ikashuka yote. Nikalivuta beseni juani. Jamani! Inameta! Inameta kama nyota! Nikakaa chini barabarani, mikono kichwani. Nakiri kwamba ndani ya huzuni yangu kulikuwa na raha kidogo. Nilikuwa nimesema.

"Haya, njooni muone. Beringi yote hiyo, imesagika."

Zuhura akachungulia kupitia dirishani. Kisha akauliza taratibu, "Mjomba, wakwe walisema tufike kabla ya alasiri. Tutafika?"

Hapo likaja lori la kabichi kutoka juu, linakwenda Dar. Dereva, jina lake Shabani, akasimama. Akaangalia gari, akaangalia kanzu, akaangalia bibi harusi.

"Poleni. Mbele kuna nafasi ya watatu. Pandeni, nawashusha Kilakala."

Watatu. Mnaona? Nafasi ilikuwepo. Nikasema siwezi kuacha injini ya turbo barabarani imetolewa oili. Tangulieni, namtafuta mtu wa kulivuta, nitawakuta.

Zuhura alipanda lori akinikazia macho. Bora angenitukana.

Vumbi halijatulia, simu ikaita. Mama.

"Baba, umekula?"

"Bado Mama. Gari limeharibika."

"Basi kula sasa, maana yatakauka."

"Yapi?"

"Magimbi! Si nilikuambia? Nimekuwekea juu ya injini, yasipoe."

Mama yangu amepeleka mboga mjini kwa malori maisha yake yote. Madereva wa Mgeta huweka chakula chao kwenye joto la injini, wakifika kinatoka moshi. Kwa Mama, gari ni gari.

Nikafungua boneti. Kule pembeni, kati ya injini na bodi, limetelezea kopo la bati lenye mfuniko. Nikaligusa kwa kidole. Likagonga chuma.

Ngo.

Nikaligeukia beseni. Ukingoni, mahali ambapo oili haikufika, kulikuwa na unga ule ule. Wa rangi ya waridi. (Beringi za rangi ya waridi hazijatengenezwa.) Ndilo beseni ambalo wasichana walichanganyia mapambo ya kumetameta ya harusi.

Oili hiyo siwezi kuirudisha kwenye injini. Nikafunga gari, nikasimamisha bodaboda. Na kopo nikalibeba, sijui kwa nini.

Nilipofika, neno lilikuwa limeshatamkwa. Njiani Dada na Shabani waliulizana koo, wakakuta ni ukoo mmoja. Na kwetu mwanaume wa ukoo wa mama ni mjomba, hata kama umemjua kwenye lori la kabichi. Wakwe waliuliza, "Mjomba yuko wapi?" Shabani akavua kofia, akasimama, akamkabidhi Zuhura. Wanasema alisema vizuri mno. Wanasema watu walilia. Picha zipo: mpwa wangu, mumewe, na katikati yao Shabani, jani la kabichi begani.

Dada akaniangalia, akaangalia kopo. Akalifungua, akanusa.

"Si nilisema chakula?"

Nyumba nzima ikacheka. Zuhura pia alicheka, kisha akaja akanifuta oili shavuni kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Umefika, Mjomba." Afadhali ningevumilia kicheko cha mkoa mzima kuliko maneno hayo mawili.

Mama amepiga tena sasa hivi. "Unaona, baba? Gari limekuharibikia njiani. Bila yale magimbi ungeshinda njaa."

Nimemwambia, "Kweli Mama. Asante."

Kwa hiyo chekeni, ninyi ni marafiki zangu. Ila chekeni chinichini, kicheko kisipande mlima hadi Mgeta.