Mshauri wa Poka na Kiuno cha Suruali

Teleza aliingia kwa fundi cherehani kuchukua suti yake akiwa hana nia ya kuilipia. Nia hiyo hakuwahi kuwa nayo maishani. Leo hata kisingizio alikuwa bado hajakipata, na jambo hilo lilimkera, maana aliiheshimu kazi yake. Kesho alikuwa na miadi ya kumuuzia tajiri mmoja ghala lisilokuwepo, na ghala lisilokuwepo haliuziki na mtu mwenye kola iliyochakaa. Bila suti, hakuna ghala.

Basi alipoiona simu ya fundi imeachwa wazi mezani, ikionyesha mchezo wa poka wa mtandaoni, roho yake ilitulia.

"Mama, kumbe unacheza?"

"Ningecheza," fundi akasema, akitoa pini mdomoni. "Nimeshindwa kuchagua. Kuna meza za kuingia na kutoka utakavyo. Kuna mashindano, mnakaa mpaka abaki mmoja. Kuna na hizi za haraka, dau linapanda hata hujamaliza kukohoa. Sasa mtu anajuaje ya kwake ni ipi?"

"Hapo ndipo watu wanapoangamia," Teleza akasema kwa huzuni. "Bahati ukiikalisha meza isiyo yake, inanuna." Akachukua tepu ya fundi, akampima paji la uso, kisha toka sikioni hadi begani. "Wewe ni mtu wa mashindano. Una bega la subira. Watu wananilipa kwa ushauri huu, lakini wewe unipe suti tu, yaishe."

Elimu hiyo ya mabega aliivumbua palepale, na kwa bahati mbaya aliivumbua vizuri mno, akaiamini.

"Sina neno," fundi akasema. "Ila hapa nguo haitoki bila kujaribiwa. Nichezee aina zote nione zinavyokaa. Utacheza na shangazi yangu, hajui kitu. Na wewe panda kigoda nikumalizie kiuno."

Shangazi alikuwa pembeni akishona vifungo, miwani minene puani. Akaitazama simu yake. "Huyu mwenye ndevu ndiye polisi?"

"Huyo ni mfalme, shangazi."

"Mbona amekaa tu." Kisha akaomba wacheze kwa pesa za kweli, kwani za uongo zinamtia usingizi. Teleza hakubisha. Kuvuna suti na shangazi kwa mkupuo mmoja si jambo la kila siku.

Akapanda kigoda, suti mwilini, simu mkononi, tepu kiunoni. Walianza na meza ya kuingia na kutoka. Teleza alipata karata za hovyo, akapandisha dau ili kumtisha bibi wa watu.

"Thelathini na nne," fundi akasoma tepu.

Shangazi akafuata dau, akazoa zote.

Mara ya pili Teleza alipata wafalme wawili. "Thelathini na sita," fundi akasoma, na shangazi akatupa karata zake, eti kichwa kinamgonga.

"Mbona kiuno kinabadilika?" Teleza akauliza.

"Nguo mpya, bado inatafuta pa kukaa."

Walipomaliza meza hiyo, nusu ya pesa zake ilikuwa imehamia kwa shangazi. "Tatizo nimeliona," Teleza akatangaza. "Mimi si mtu wa meza hii. Mimi ni wa mashindano."

"Si ulisema bega la subira ni langu?"

"Tuko wawili."

Mashindano yakamaliza nusu iliyobaki. Basi kumbe alikuwa mtu wa meza za haraka, na kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, akaweka dau la jasho: akishindwa, atafanya kazi pale mpaka duka lifungwe. Akapata karata za aibu, akaongeza dau kwa sauti ya mtu mwenye viwanja.

"Thelathini na tatu."

"Nafuata," shangazi akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye kifungo.

Teleza akashuka kigodani. "Hakuna aina ya nne?"

Fundi akamwonea huruma. "Mwanangu, aina zote ni sawa. Wewe ukidanganya unabana tumbo. Wanaume wote wanaopimwa suruali hapa wanabana tumbo, nimewazoea. Mimi nasoma tepu, shangazi anasikiliza."

"Na ile simu iliyokuwa wazi?"

"Iko wazi kila siku. Washauri hawawezi kupita hivihivi."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kusimama mlangoni na suti mwilini, kimya, kama sanamu ya dukani. Fundi hakuwa na roho mbaya. Duka likifungwa suti haijapata mnunuzi, alisema, aondoke nayo. Teleza akasimama akiomba mji mzima uwe umeshavaa.

Jioni akaja bwana harusi mtarajiwa. Akashika mkono wa koti, akasogea nyuma, akakunja uso. "Mabega yananitia shaka. Acha niangalie kwingine." Akageuka kuondoka.

Teleza angeweza kunyamaza. Ghala lilikuwa hatua chache mbele yake. Lakini mteja kuondoka hivihivi, mbele ya macho yake, kwa ajili ya mabega? Jambo hilo lilimuuma kama ugonjwa.

"Ndugu," akasema, "hayo ni mabega ya subira. Mkweo akiyaona, hakuulizi tena unafanya kazi gani."

Bwana harusi akarudi. Alipewa maneno mpaka akasahau kuomba kupunguziwa bei. Alilipa papo hapo na kushukuru kwa mikono miwili.

Shangazi akamvutia Teleza pazia. "Vua taratibu, baba," akasema. "Kiuno hakijashonwa, ni pini tupu."