Bolti za Kumpeleka Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Agosti

Leo nimekuwa fundi. Hakuna aliyeniteua. Nimejiteua mwenyewe, tena bila kupingwa.

Klachi ya gari langu imekwisha. Linanguruma kama simba, linatembea kama konokono. Na Jumamosi linatakiwa kumbeba bibi harusi, mdogo wake mke wangu! Huyu nilikuwa nikimpeleka shule kwa gari hilihili, enzi hizo hana meno ya mbele. Aliapa tangu wakati ule kwamba siku ya ndoa yake atapanda hili, si jingine. Sasa kaka yao, ambaye sote tunamwita Mluzi kwa sababu hupiga mluzi hata akila, amesema gari lake litakuwa tayari "endapo". Sikuipenda hiyo endapo. Nikatangaza mbele ya mama mkwe kwamba klachi naibadilisha mwenyewe, uani kwangu, mafundi wa mtaani wakapumzike.

Kufika mchana giaboksi ilikuwa chini, imeachana na injini kama wanandoa waliochokana. Raha iliyoje! Bolti za kuziunganisha nikazitia kwenye bakuli. Mke wangu, ambaye huliita gari hili mke mwenza, akaliona bakuli, akazimwaga bolti kwenye ndoo ya vyuma vibovu. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Wakaelewana.

Nimemuuliza kwa nini. Amesema bakuli ni la mboga.

Si kitu. Bolti ni bolti.

Jumanne, 4 Agosti

Duka la spea. Mwenye duka ni mama mmoja aitwaye Kipimo. Lilianza kama jina la utani, lakini mwenyewe amelipokea na kulichora juu ya mlango.

Nikamwomba bolti za kuunganisha injini na giaboksi. Akauliza unene gani. Nikasema wa kawaida. Urefu? Wa kutosha. Meno yake mapana au yaliyosongamana? Nikamwambia nimekuja kununua bolti, sikuja kwa daktari wa meno. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akataka nimletee moja ya zamani. Ningekuwa na za zamani ningekuja kwake kufanya nini? Basi, akasema, nikapime kina cha kila tundu kwa kijiti, maana hayalingani, na bolti nitakazochukua ziwe na nambari kichwani, maana nambari ndiyo nguvu yake. Mama huyu anapenda kusikilizwa.

Nimechagua kwa macho. Kulikuwa na bolti ndefu zinazong'aa kama vijiko vya wageni, zote kimo kimoja, kama askari wa gwaride. Kipimo akaapa kwamba hizo ni laini, kazi yake ni mageti, zikibebeshwa giaboksi zitakatika. Nikamjibu kwamba chema chajiuza. Akamalizia: kibaya chajitembeza. Alikuwa ananitazama mimi, si bolti.

Jumatano, 5 Agosti

Balaa.

Baadhi ya matundu yamezimeza bolti zangu, zinacheza humo kama jino bovu. Mengine yamezifungia mlango. Moja ikaingia vizuri! Nikaikaza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Ikatulia tuli. Nikapiga kelele ya ushindi, kisha nikaona mwanya kati ya injini na giaboksi. Bolti ilifika mwisho wa tundu kabla haijabana kitu. Imekaa imara, haifanyi kazi yoyote. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Mama mkwe akapita, akauchungulia mwanya. Akauliza kama hapo ndipo atakapokaa bibi harusi.

Bibi harusi mwenyewe alikuja jioni kujaribu viatu vyake kwenye kiti cha nyuma. Gari liko juu ya mawe, injini inaning'inia, yeye amekaa humo anacheka peke yake. Akasema hana wasiwasi na mimi. Laiti angekuwa nao! Wasiwasi wa mtu unagombana nao. Imani ya mtu utaifanyaje?

Kisha nikapata wazo. Gari la Mluzi na langu ni ndugu wa tumbo moja, lake ndilo kitindamimba. Bolti zake ndizo zangu. Sihitaji zote. Nahitaji mfano tu.

Jumatano imekwisha vizuri.

Alhamisi, 6 Agosti

Nilimfuata Mluzi asubuhi nikamwambia nataka kumkagulia gari kabla ya msafara wa harusi, bure, kwa mapenzi ya kindugu. Akaacha kupiga mluzi. Akanikumbatia. Akasema miaka yote hii alidhani simpendi. Nikamwambia hasha, shemeji, mawazo gani hayo.

Nikaingia chini ya gari. Nikafungua bolti ndefu moja, ya kati moja, fupi moja. Nikatoka nikijipangusa, nikamwambia gari liko salama, ila asiende nalo popote. Nikakimbia.

Kipimo akazipokea kama mtu aliyeletewa wajukuu. Akazipima kwa kile kidude chake chenye taya, akajaribu meno ya kila moja, akasoma nambari za vichwani. Akanipa seti nzima: nyeusi, hazina sura, hazivutii hata kidogo. Akanionya kwamba zile fupi ni za matundu ya chini, yale yaliyotoboka mpaka upande wa pili, karibu na mkono wa gia, ule unaosukumwa na kijiti cha ndani. Nisithubutu kuweka ndefu pale. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kurudi kwa Mluzi: gari halipo! Amelichukua kwenda kufuata viti vya ukumbini. Nikaketi kizingitini nikiiona giaboksi ya shemeji imelala barabarani na viti vyote juu yake.

Akarudi akipiga mluzi. Akasema gari linanung'unika kidogo, bahati nzuri amenikuta. Nikazama chini yake kama panya, nikarudisha kila bolti mahali pake, nikakaza. Manung'uniko yakaisha. Mluzi akanishukuru mpaka akaniletea soda baridi.

Niliona aibu kubwa. Ilidumu mpaka soda ilipokwisha.

Ijumaa, 7 Agosti

Zimekutana! Injini na giaboksi zimekumbatiana, hata wembe haupiti kati yake. Bolti za Kipimo zimeingia kwa mkono, taratibu, kila moja kwenye tundu lake, halafu spana ikamaliza. Nilicheza uani peke yangu. Mke wangu akatoka kutazama, akasema mke mwenza amenirudia, akacheza na yeye.

Jambo dogo tu. Moja kati ya zile bolti fupi za chini ilinitia mashaka. Fupi kama kidole gumba cha mtoto! Giaboksi nzito vile ishikwe na kitu kile? Nikaitupa mfukoni, nikaweka moja kati ya zile ndefu zangu zinazong'aa. Imepita tundu ikatokeza upande wa pili kwa madaha. Kipimo ni muuzaji, hakosi hila.

Nikawasha. Injini inaimba. Nikarudi nyuma kidogo uani. Safi kabisa! Kwenda mbele sikujaribu, maana mbele yangu ulikuwa ukuta. Na gari linaloweza kurudi nyuma, mbele kutalishinda nini?

Nimelifunga maua.

Jumamosi, 8 Agosti

Nyumba ya wakwe. Gari nimelileta likisukumwa na vijana, injini imezimwa, ili moshi usiharibu maua. Watu wamejaa barazani na barabarani. Bibi harusi ametoka, vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Akaingia nyuma, gauni lake likajaza gari lote. Mama mkwe akaketi kando yangu. Nikawasha, nikakanyaga klachi, nikasukuma gia ya kwanza.

Haikuingia.

Ya pili. Haikuingia. Ya tatu, wala. Kijiti cha gia kilikuwa kinagonga kitu huko chini, ko, ko, ko, kama mgeni aliyefungiwa nje. Mluzi, aliyekuwa ameegesha mbele ya pua ya gari langu, akashuka na kufungua mlango wa gari lake. Ile endapo yake imefika. Jasho likaniingia machoni. Nikaanza kumwambia bibi harusi anisamehe.

Akaniinamia begani. "Shemeji, nyuma inaenda?"

"Nyuma inaenda."

"Basi twende nyuma."

"Mwanangu, utaolewa kinyumenyume?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ukumbi haujali umekuja na uso au kisogo. Shemeji, twende!"

Tukaenda! Nimepindua shingo, nusu ya mwili wangu iko kiti cha nyuma, maua yamenifunika jicho moja, tunatambaa kinyumenyume barabara nzima. Msafara wote ukatufuata, na kwa kuwa tunarudi nyuma, wote wakawa wanatazamana na bibi harusi uso kwa uso kupitia kioo cha mbele. Akawapungia. Wakampungia. Mluzi pua kwa pua na sisi, anapiga mluzi na honi kwa pamoja. Watu wakatoka madukani. Mafundi cherehani, vinyozi, wanywaji chai, wote wanapiga makofi. Mama mkwe alijizuia mpaka kona ya kwanza. Kona ya pili alikuwa anacheka mpaka kilemba kimemwanguka.

Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi. Aliona makalio ya gari yanamjia, akadhani bibi harusi amebadili nia anaondoka. Akaanza kukimbia kulifuata, na lenyewe linazidi kumjia! Walipokutana, mlango ukafunguliwa, na sijapata kuona watu wawili wamefurahi kiasi kile.

Mluzi akavua koti la suti, akalala chini ya gari, akatoka na bolti yangu ndefu inayong'aa. Ilikuwa imetokeza na kuuzuia mkono wa gia, ikaacha njia ya nyuma peke yake. Akaniuliza fupi ya tundu lile iko wapi. Nikaitoa mfukoni. Akaifunga mwenyewe, akacheka, akanishika mkono tukaingia kucheza.

Jumapili, 9 Agosti

Shingo haigeuki. Nimewasalimia wote kwa ubavu.

Mke wangu ameniuliza nimejifunza nini. Nimefikiri kwa haki kabisa. Nimemjibu kwamba waliotengeneza gari lile walibana sana nafasi kwenye mkono wa gia.

Shangazi yake bwana harusi amekuja kuuliza kama naweza kumpeleka binti yake vilevile mwezi ujao. Anasema hajaona ubunifu kama ule. Nimemwambia ilinichukua muda mrefu kuubuni, na kwamba kwa binti yake nitaongeza mbwembwe.

Sasa nyumba imetulia. Mama mkwe amelala chumba cha wageni, kachoka kucheza. Cherehani yake iko hapa mezani, amekuja nayo kumalizia mapazia. Nimemsikia akilalamika kwamba inakwaruza kidogo. Nimeifungua kidogo tu, kuchungulia. Vidude vyake ni vingi kuliko nilivyodhani, lakini vyote vinafanana.

Atakapoamka atafurahi sana.