Tafadhali Tukimbizwe Mwezi wa Saba

Mulongwe, Uvira
Mwezi wa tisa, 1964

Kwa Mukubwa uliye kwenye kiti leo,

Unisamehe kwa kutoandika jina lako. Mara ya mwisho niliandika jina zuri kabisa, na vyeo vyake vyote, lakini barua ilipofika ofisini, kwenye biro yenu, mwenye jina alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Usumbura, na aliyeipokea akamwuliza mume wangu tuna undugu gani na mtu yule. Kwa hiyo safari hii nakiandikia kiti. Kama unavaa kofia ya chuma ya askari wa serikali, barua ni yako. Kama unavaa majani kichwani kama waasi, ni yako vilevile. Ukilazimika kuondoka kabla hujaimaliza, tafadhali mwachie atakayekuja.

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, isipokuwa kifua cha mtoto wetu Apolline, nitafika hapo.

Mimi ni Sabine, mke wa Ildephonse, mvuvi wa ndagala. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano. Sista mmoja alikuwa na kijitabu cha kwao chenye picha: milima, mashamba ya mizabibu, watu wameketi nje wanakunywa mvinyo, hakuna anayetazama nyuma. Kilieleza mwezi gani ni mzuri wa kwenda huko, mwezi gani njia ni mbaya, na lini zabibu zinavunwa. Nilishangaa sana kusikia kwamba kuna watu wanaochagua siku ya kupanda mlima.

Sasa, Mukubwa, milima hata sisi tunayo, iko hapo juu ya vichwa vyetu. Mvinyo tunao, ule wa ndizi, kasiksi. Na kwenda tunakwenda, tena nyumba nzima pamoja na kuku. Kinachotupungukia ni kuchagua. Nyinyi ndio mnatuchagulia, na kwa heshima yote, mnachagua vibaya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka huu mlianza kupiga risasi mwezi wa nne. Sijui huko mnakotoka mwezi wa nne ni mwezi wa nini, kwetu ni wa mvua. Njia ya kupanda upande wa Rurambo inakuwa sabuni. Mama mkwe wangu, Kankindi, aliipanda kwa magoti, na haikuwa kwa ajili ya sala. Ildephonse alibeba sufuria na blanketi letu, na blanketi lililowa likawa zito kuliko sufuria. Mimi nilikuwa na Apolline mgongoni, alikuwa hajaanza hata kukaa. Tulipofika juu nilimkamua kama nguo. Tangu siku ile kifua chake kinalia kama mlango wa jikoni. Akilala naweka sikio. Jana nimeweka sikio, na leo nitaweka. Na sasa mawingu yameanza tena kukaa juu ya mlima, na sokoni wanasema mtapigana kabla ya Noeli. Mukubwa, mtoto huyu hawezi kulowa vile mara ya pili. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote nayaandika kwa adabu tu.

2. Mvinyo. Sisi huwa tunakimbilia kwa Nkeshimana, mjomba wa mume wangu, ambaye ana shamba la ndizi chini kidogo ya malisho ya ng'ombe. Ni mtu mwema, lakini ni mtu wa huko juu, na huko juu mgeni haondoki kabla chungu alichotengenezewa hakijafunguliwa. Ukiondoka mapema, majirani watasema nyumba ile ina choyo, na mwenye nyumba hatakusamehe mpaka kaburini. Basi siku tuliyofika, tumelowa hivyo, yeye alikwenda moja kwa moja kufukia ndizi kwenye shimo ili ziive. Mvua ikajaza shimo, ndizi zikaoza. Akafukia nyingine. Wakati huo habari ikaja kutoka chini kwamba mji umetulia, watu warudi. Ildephonse akakunja mkeka. Nkeshimana akaukunjua. Akasema, "Minye sitachekwa na batu juu yako weye." Tukakaa. Ndizi zikaiva polepole kwa baridi, zikakanyagwa, zikakamuliwa, juisi ikalala kwenye chungu na unga wa mtama, na sisi tukasubiri amani iliyokuwa tayari mjini iendelee kutungoja. Hatimaye chungu kikafunguliwa. Tukanywa kwa mirija, tukashukuru, tukateremka na furaha zetu, na tukaingia Uvira asubuhi ileile ambayo upande wa pili nao ulikuwa unaingia. Tukageuka. Kupanda mlima na kasiksi kichwani, sitakueleza. Nkeshimana alikuwa bado anaosha chungu. Alitutazama akauliza, "Mulisahau nini?" Kisha akachukua jembe akaenda kufukia ndizi.

3. Hamtangazi. Padri akitaka kubatiza anatangaza kanisani. Hata mwenye mbuzi aliyepotea anatangaza. Nyinyi mnakuja na mji mzima na hamsemi lolote. Mngetangaza Jumapili moja kabla, Nkeshimana angefukia ndizi mapema, tungefika na chungu kiko tayari, tungekunywa, na amani ikirudi tungeipata ingali moto.

4. Tena mnaweza, mkitaka. Mwaka wa uhuru tulikimbia mwezi wa saba. Jua lilikuwa zuri, njia kavu, ndizi zimejaa, na mimi nilikuwa bibi arusi mpya mwenye kitambaa cha maua. Hakuna aliyetufuata. Tulikaa kule tukala maziwa ya mgando, jioni tukatazama ziwa lote mpaka ng'ambo, na Ildephonse alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajalirudia. Leo tukiulizwa tulikuwa tunakimbia nini mwaka ule, yeye anasema hili, mimi nasema lile, wala hatugombani. Ile ndiyo naita kukimbia.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba yangu na ya akina mama wenye watoto wachanga:

Vita viwekwe kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mwezi wa tisa uachwe kwa kupanda mahindi, na miezi ya mvua yote mpumzike kama watumishi wa serikali wanavyochukua konji. Nanyi mmechoka, nimewaona kwenye barrière mnapofunga njia, vijana wengine wanalala wamesimama.

Pande zote mbili mpatane kuhusu tarehe. Hampatani kwa mengine, hilo nalijua, lakini tarehe si siasa.

Na nikifikiri zaidi, Mukubwa, naona hata hiyo haitoshi. Kama watu wote wa mji tutakuwa juu mwezi wa saba, nyinyi huku chini mtapigania nani? Milango itakuwa imefungwa, ndagala zitakuwa ziwani bila wavuvi, hakuna wa kuwapikia. Kwa hiyo nawaalika mpande na nyinyi. Bunduki ziachwe chini, kwa sababu zinateleza na zinaogopesha ng'ombe. Nkeshimana atawawekea chungu kimoja, kikubwa, wa kofia upande huu na wa majani upande ule, kila mtu na mrija wake. Na kama nilivyoeleza kwenye namba 2, hakuna mgeni anayeondoka mpaka chungu kifunguliwe. Nkeshimana namjua. Akiona mnataka kuondoka atafukia ndizi nyingine. Mtazeekea huko, na sisi tutateremka.

Sidhani kama ombi langu ni kubwa. Masista walisema kwao watu hulipa ili wapande mlima kunywa mvinyo. Sisi tuko tayari kwenda hata bila kupenda, mradi tu iwe kiangazi.

Nakuombea usingizi mzuri na kiti kisichotikisika. Nisalimie waandishi wa biro, nisalimie walinzi wa mlangoni, hata yule aliyemchukua jogoo wetu, nisalimie mama yako mzazi popote alipo, maana naye bila shaka anaweka sikio. Ildephonse anasalimia. Apolline anasalimia kwa kukohoa.

Ni mimi mwenye heshima na usingizi,
Sabine, mke wa Ildephonse
Mulongwe, nyumba ya mwisho kabla ya mto

P.S. Kabla ya kuifunga barua nimemsomea mama mkwe. Alisikiliza yote huku anachambua ndagala, hakucheka hata kwenye magoti yake, kisha akasema, "Weye mutoto, masista walikufundisha bure. Mu mwezi wa nne ile kamyo yenye ilitufuata, ilikwama wapi?" Nikamwambia lori lile la wenye bunduki lilikwama bondeni, kwenye matope, mpaka wakaacha na kurudi. Akasema, "Na ingekuwa jua?" Nikachukua tena kalamu. Jua likiwaka, kamyo inafika mpaka kwenye ndizi za Nkeshimana.

Basi, Mukubwa, nafuta namba 1, nafuta na nyingine zote, na tangazo la kanisani msitangaze. Mkiwa hamna budi, njooni wakati wa mvua, tena ile kubwa. Apolline nitamfunika kwa turubai, na juu ya turubai nitalala mimi. Na mvua ya mwaka huu ikiwa kidogo, msijisumbue, subirini ya mwaka ujao.