Mzabibu wa Banda la Kuku

Jumatatu, 9 Septemba

Habari kubwa leo. Baraza la kijiji limeamua kwamba matuta ya mawe ya mlimani, juu ya kanisa, yapandwe mizabibu tena. Yamekuwa kichaka kwa miaka arobaini. Ni matuta aliyolima baba mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasema kulima sitaki, nikaenda kugawa barua za posta. Nimezigawa mpaka nilipostaafu. Kila asubuhi nilipita chini ya matuta yale na pikipiki yangu ya njano, nikitazama upande wa pili.

Sasa nayataka.

Sharti ni moja. Meya wetu, Bi Sabathier, amesema hataki mansois. Mansois imejaa bonde zima, ndiyo divai yetu nyekundu ya kila siku. Anataka zabibu ya bonde hili hili iliyosahauliwa, ambayo hakuna mwingine anayeilima. Atakayeileta Jumamosi ya tarehe 28, pamoja na divai yake ya kuonja, atakabidhiwa matuta.

Nimerudi nyumbani mbio. Rosalie, mke wangu, akaniuliza kama ninayo zabibu iliyosahauliwa. Nikamjibu kwamba kitu kilichosahauliwa, huwezi kukumbuka kama unacho. Akaendelea kumenya viazi.

Tatizo: jirani yetu Ghislaine Cayla naye anashindana. Miaka sabini na moja, mjane, vikombe kumi na viwili vya sherehe ya mavuno juu ya kabati. Mimi nina cheti kimoja cha kushiriki. Mwoka mikate anasema Ghislaine ana miche mitatu ya négret, zabibu ya zamani kabisa, aliyoachiwa na mama yake wa ubatizo. Bila shaka. Watu wengine huachiwa négret. Mimi mama yangu wa ubatizo aliniachia saa ya ukutani isiyotembea.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeipata!

Kuku mwekundu ameanza kutagia juu ya paa la banda. Nikapanda ngazi kufuata mayai yake. Na pale juu ya vigae, katikati ya lile pori la majani ambalo sijawahi kulijali, vishada vya zabibu. Punje ndogo, nyeusi tii. Majani yana mishipa myekundu na manyoya meupe upande wa chini. Nimegawa barua katika kila shamba la bonde hili na sijawahi kuona jani kama lile.

Nikaonja. Pilipili manga, halafu penseli mpya iliyochongwa sasa hivi. Nikaonja tena. Nikakaa juu ya paa nikicheka peke yangu mpaka Rosalie akatoka kuuliza nimeanguka au bado.

Nimechuma kilo nane. Zilikuwa zaidi, ila kuku walinitangulia. Naona sasa kwa nini wamekuwa wachangamfu hivi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimezikanyaga zabibu kwenye beseni, miguu mitupu, kama alivyofanya baba. Kisha nimezitia kwenye sufuria kubwa ya Rosalie ya kupikia jemu na kuificha nyuma ya tanki la maji moto, ili ichachuke haraka. Muda hautoshi. Lazima divai ielewe hivyo.

Rosalie ana plamu kilo sita zinazosubiri sufuria. Ameongea. Nimekubali kila alichosema. Sufuria haijatoka.

Jioni Ghislaine alichungulia juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu, akavuta pumzi, akauliza ninapika nini. Nikasema ninang'arisha viatu. "Basi viatu vyako vinakaribia kuiva, jirani," akasema, akaendelea kuanua nguo zake.

Anajua kitu. Yule mama ana pua ya mbwa wa polisi.

Jumanne, 17 Septemba

Divai imeingia kwenye chupa. Chupa tano. Bado inachemka kidogo, najua, lakini nimepigilia vizibo kwa nguvu na kuvifunga na waya. Nimezipanga kabatini nyuma ya mashuka, mahali penye giza na utulivu.

Nimemwandikia barua Bi Estève wa mjini Rodez, mtaalamu wa mizabibu ambaye baraza limemwalika kuwa mwamuzi. Nimemweleza kwamba ukoo wetu wa Alric umeulinda mzabibu huu kwa vizazi sita, kwa jasho na machozi. Rosalie aliisoma kabla sijaifunga. Akauliza machozi ya nani. Nikasema ya kuku.

Jumapili, 22 Septemba

Siku mbaya.

Rosalie alimwalika Ghislaine chakula cha mchana. Wao ni marafiki wa miaka mingi, mimi sina la kufanya. Tulikuwa na aligot, viazi vilivyopondwa na jibini. Ghislaine alikuwa amesimama akijipakulia, amenyanyua kijiko juu, vile viazi vimevutika na jibini lake kama kamba kutoka sahanini mpaka usawa wa miwani yake. Ndipo chupa ya kwanza ikapasuka kabatini.

Kisha ya pili. Ya tatu ilifungua mlango wa kabati yenyewe.

Mashuka ya harusi yetu sasa ni ya zambarau. Rosalie hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, "Fulcran, kesho utafua. Kwa mkono. Uani, watu wakuone."

Ya nne ilisubiri mpaka nifike karibu.

Kibaya zaidi ni hiki. Tone moja lilimrukia Ghislaine kwenye mkono wa blauzi. Akalilamba. Akalamba tena, kijiko bado kiko juu. Kisha akasema taratibu kwamba hii siyo mansois.

Nikamwambia ni dawa ya viatu.

"Nitakuja kuazima," akasema, akamalizia aligot yake yote.

Alhamisi, 26 Septemba

Imebaki chupa moja. Waonjaji ni saba, na mmoja wao ni Bwana Puech wa buchani, ambaye huonja kama anayezima moto.

Nimefikiri siku nzima huku nikisugua mashuka uani. Watu watatu walipita makusudi.

Nimepata ufumbuzi. Nimeichanganya chupa yangu na mansois ya mwaka jana, na vijiko viwili vya jemu ya plamu ya Rosalie (ameshaitwaa tena sufuria yake, kwa nguvu). Sasa nina chupa tatu. Rangi ni nzuri ajabu. Nimejimiminia kidogo, nikajitazama kwenye kioo cha bafuni nikiinua glasi kama mtu mwenye matuta. Nilipendeza.

Jumamosi, 28 Septemba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Ukumbi wa kijiji ulijaa. Bi Estève ni mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni. Alianza na négret ya Ghislaine. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wakalamba midomo. Hata mimi niliipenda, nikaichukia kwa sababu hiyo.

Kisha yangu. Akanusa. Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Akasema mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ya upole kabisa, "Bwana Alric, humu ndani kuna mansois. Kuna jemu ya plamu, na ni jemu nzuri. Ila chini yake kabisa kuna mtu mwingine anaita, na huyo simjui. Nipeleke kwake."

Nilitaka sakafu inimeze na nilitaka kumbusu, vyote kwa wakati mmoja.

Basi tukaenda. Meya, baraza zima, Bwana Puech na glasi yake, wote wamejipanga mbele ya banda langu la kuku. Bi Estève akapanda ngazi. Akageuza jani, akaliweka chini ya kioo chake. Akageuza jingine, na jingine, mpaka kuku wakamzoea. Aliposhuka macho yalikuwa yamemlowa. Akasema katika miaka arobaini ya kazi hajawahi kukutana na jani hili.

Nilijisikia mwepesi. Nilimshika Bwana Puech mkono nikaanza kumzungusha, naye hakukataa.

Kisha Bi Estève akaomba kuona shina.

Shina? Sikuwahi kufikiria shina. Tukalifuata. Lilipita chini ya vigae, likapanda ukuta, likavuka ukuta, likateremka upande wa pili, likaenda kuingia ardhini nyuma ya karo la kufulia la Ghislaine Cayla.

Ghislaine alilitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe kitandani kwake. "Huu?" akasema. "Mzabibu huu naukata kila mwaka, miaka thelathini sasa, nikiomba ufe. Unanizibia kamba ya nguo!"

Bi Estève akaeleza kwamba upande wa Ghislaine umekatwa kiasi kwamba mti ungekwisha kufa zamani. Kilichouokoa ni lile tawi la upande wangu ambalo halikuguswa. Meya akanigeukia akauliza ni kwa nini sikuwahi kulipogoa. Nikasema ni desturi ya ukoo wetu.

"Ni uvivu," akasema Rosalie.

Kijiji kilicheka mpaka Bwana Puech akamwaga glasi. Baraza likajadiliana dakika tano. Mti ni wa mwenye shina. Matuta kapewa Ghislaine.

Nimekaa bandani na kuku hadi chakula kikapoa. Nilikuwa namfikiria baba. Siku ile niliposema sitaki, hakunigombeza. Alisema tu haya mwanangu, akaenda kuosha jembe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ghislaine amekuja. Amepitia mlango wa mbele, na kofia ya kanisani kichwani. Nikajua ni jambo zito.

Hakukaa. Alisema ngazi za kwenda kwenye matuta ni mia moja na kumi na mbili, alizihesabu utotoni, na sasa magoti yamekataa kwenye ya thelathini. Alisema alipokuwa msichana alikuwa akimwona baba yangu kila masika akipandisha tenga la udongo mgongoni. Udongo ule ule mwekundu ambao mvua iliteremsha, aliurudisha juu, na hakuwahi kumpita Ghislaine bila kumsalimu.

"Baba yako alibeba tenga mpaka miaka sitini na sita," akasema. "Wewe una sitini na moja na huna ulichowahi kubeba zaidi ya barua. Unapanda kunilimia au hupandi? Usinichezee muda wangu."

Nikamwambia nitahitaji kulifikiria. Nikalifikiria wakati anavuta pumzi. Nikasema ndiyo kabla hajaitoa.

Rosalie alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alipotoka alijifanya vitunguu ndivyo vimemliza. Hapakuwa na kitunguu.

Jumanne, 12 Novemba

Wiki tano za kufyeka miiba. Mikono yangu inatisha watoto. Sijawahi kuwa na furaha ya aina hii. Ninaamka kabla ya jogoo nikipiga mluzi, na jogoo amechukia.

Leo nimefikia tuta la juu kabisa. Kwenye ukuta wa mawe, chini ya kwekwe, nimekuta msumari mkubwa uliopinda. Baba alikuwa akitundika koti lake pale. Nilitundika langu. Nikalitazama. Nikakaa kidogo kabla ya kushika jembe tena.

Mchana barua ya Bi Estève imefika. Maabara wamelinganisha jani letu na mizabibu yote waliyonayo kwenye kumbukumbu zao. Hakuna hata mmoja unaofanana nalo. Mzabibu hauna jina. Anataka tuupe jina, lipitie ofisi ya meya, kisha ndipo miche ianze kuzalishwa.

Ghislaine na mimi tumekaa jikoni kwake, glasi mbili za mansois, tukalizungumza kama watu wazima. Tumekubaliana: hakuna jina la ukoo wa mtu. Mzabibu utaitwa kwa jina la kijiji, na basi. Tumepeana mkono. Ghislaine alisema ugomvi wa miaka mingi umekwisha na kwamba katika umri wetu mtu anapaswa kuwa na akili. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilikaribia kulia.

Jumatano, 13 Novemba

Saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi nilikuwa nimefika ofisini kwa meya na fomu ya jina mkononi. Niliijaza jana mara tu baada ya kutoka kwa Ghislaine. Alric Mweusi. Rosalie alipoliona jina hilo alisema linafaa kwa jambazi wa kuteka mabasi. Yeye hana jicho la biashara.

Kwenye benchi nje ya mlango alikuwa amekaa Ghislaine, kofia ya kanisani kichwani, fomu imelala kifudifudi mapajani.

Akasema amekuja kuulizia mapipa ya taka. Nikasema, ajabu, hata mimi. Tukazungumza mapipa ya taka kwa dakika ishirini. Tunakubaliana kabisa kuhusu mapipa ya taka. Karani akafungua mlango akauliza nani wa kwanza. Ghislaine akasema jirani yangu atangulie. Nikasema haiwezekani, wakubwa kwanza. Karani akafunga mlango.

Tumerudi nyumbani pamoja. Nimembebea kikapu. Njiani aliniambia mimi ni mtu mwaminifu kuliko alivyodhani, nami nikamwambia hivyo hivyo.

Kesho Alhamisi ana miadi ya magoti Rodez, basi lake linaondoka saa mbili. Ofisi inafunguliwa saa tatu. Nitakuwa pale saa mbili na nusu, na kalamu mbili.