Mashimo Sita ya Ushongo

Jumapili, 13 Julai

Tangu leo mimi ni mchezaji wa gofu. Imetokea arusini kwa jirani, kati ya sahani ya kwanza ya pilau na ya pili. Niliketishwa ubavuni mwa Bwana Ziyad, mwenye mashamba ya minazi na nyumba mpya ya wageni kule Mkwaja. Nyumba haina msimamizi. Mimi sina kazi tangu Ramadhani, na hapa Nguvumali tunaishi kwa vitumbua vya mke wangu Mboni: vinavyouzika vinalipa kodi, visivyouzika tunakula.

Bwana Ziyad akasema anatafuta mtu wa kucheza naye gofu. Shemeji yangu Luqmani, kaka yake Mboni, ambaye naye anaitaka kazi ile ile, akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema nacheza tangu ujana.

Tutacheza Jumamosi. Uwanja nichague mimi, ila uwe wa watu wote na wa bei nafuu, kwani yeye halipi pesa kukanyaga majani.

Luqmani akaona anaachwa. Akasema yeye ni mwamuzi wa gofu. Mwongo mkubwa!

Jumatatu, 14 Julai

Nimepita kwenye klabu moja ya wakubwa. Karani alizitazama kandambili zangu, akanitajia kiingilio. Nikauliza kama hicho ni cha mwaka mzima. Akasema ni cha siku moja, cha mtu mmoja, bila fimbo. Nikaomba maji ya kunywa. Nayo yanauzwa.

Jioni Edgar, fundi wa kuchomea vyuma, amenitengenezea fimbo. Bomba la pazia, na mwishoni pedali ya baiskeli. Inang'aa. Mipira sina. Nimechukua ndimu za Mboni.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi. Kwanza kwenye uwanja wa kandanda wa hapa mtaani. Ni wa watu wote na ni wa bure, na hiyo ndiyo kasoro yake. Timu mbili zilikuwa zinacheza. Pigo langu la kwanza lilimpita golikipa kwapani, upande mmoja wakashangilia bao. Likazuka zogo kama bao ni halali. Niliwaacha wameshikana mashati.

Kisha kiwanja kitupu nyuma ya ghala. Mbuzi wamekula mipira yote. Ndimu kumi na moja.

Usiku Mboni amenipa samaki bila ndimu na bila neno. La pili limeniuma zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Leo amesema.

"Baba Tahiri, mwambie yule mzee ukweli. Kazi utaikosa, lakini utalala."

Nikamjibu kwamba mimi nalala vizuri tu. Na kweli. Anayekesha ni yeye.

Ijumaa, 18 Julai

Uwanja umepatikana!

Swala ya Ijumaa nimeswali Pangani, nikavuka mto kwa pantoni hadi ufukwe wa Ushongo. Maji yamekupwa. Mchanga bapa mpaka macho yanachoka, na hakuna karani hata mmoja. Nimechimba mashimo matano kwa kifuu cha nazi. Bendera nimepata kwenye kanga ya Mboni, vipande sita. Kanga ilikuwa ya zamani. Kiasi.

Shimo la sita nilichimba juu, karibu na vichaka, kwenye mchanga mkavu. Hapo nikakuta maajabu: mipira! Myeupe, ya mviringo, imerundikana, haipungui mia. Inabonyea kidogo, nikajua ni ya ng'ambo, ya kisasa. Pembeni kuna kijiti kimeandikwa 14. Kumbe kuna mtu aliwahi kujenga uwanja hapa kabla yangu, akafika mashimo kumi na manne. Nimechukua mpira mmoja kwa ajili ya kesho. Mingine nimeifukia isiibwe. Nalala kwa binamu yangu hapa hapa.

Jumamosi, 19 Julai

Bahari sikuifikiria. Maji yamejaa usiku, mashimo matano yamekwenda na bendera zake. Limebaki la sita.

Bwana Ziyad amefika na mfuko wa fimbo ambao bado uko kwenye nailoni. Luqmani amefika na jezi nyeusi, filimbi, kadi mbili mfukoni, na kapu la chakula alilofunga Mboni. Nikampa Bwana Ziyad shikamoo, nikamweleza kwamba uwanja wa leo ni wa shimo moja. Wa wakongwe. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Nikauweka mpira mchangani. Luqmani akapuliza filimbi na kunionyesha kadi ya njano. Nikamuuliza kosa. Kuchelewesha mchezo. Bwana Ziyad akaishika fimbo kama anayetaka kuua nyoka, akaiinua.

Hapo mwanamke mmoja akatoka vichakani mbio, akasimama mbele yake. Ni Anastazia, mlinzi wa viota vya kasa.

"Baba, shusha fimbo. Hilo ni yai."

Luqmani akanionyesha kadi nyekundu.

Anastazia akaliokota, akaligeuza mkononi taratibu. Akasema hili limekufa. Yaliyobaki huenda yakapona, lakini kuchimbua kiota ni kesi. Sikuwa na uongo wa kufaa.

Bwana Ziyad akaketi mchangani kama alivyo na kanzu yake nyeupe. Akakiri hajawahi kucheza gofu maishani. Amejisifu kwa wakwe zake wa Maskati, nao wanakuja. Alitaka nimfundishe kwa siri, mahali pasipo na gharama wala watu.

Anastazia akatutazama wote watatu, mmoja mmoja. Akasema tutakizungushia kiota uzio wa miti, halafu ataamua. Tukakata, tukachimbia, tukafunga kamba hadi alasiri. Bwana Ziyad kamba alizifunga vizuri kuliko sisi. Anastazia akatusamehe, mimi akanisamehe wa mwisho.

Tukala. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bwana Ziyad akalamba vidole, akauliza nani kapika. Nikasema mimi.

Luqmani akapuliza filimbi. Kwa mara ya kwanza leo alikuwa sahihi.

Jumapili, 20 Julai

Bwana Ziyad amepiga simu asubuhi, akamtaka Mboni. Ndiye msimamizi mpya wa nyumba ya Mkwaja. Luqmani ni mlinzi wa lango. Mimi nasalimiwa.

Mboni alilia kidogo, akafuta uso kwa kile kilichobaki cha kanga, akazima jiko la vitumbua. Akaniambia tutahamia wote, nami nipumzike, nimehangaika. Nikamfurahia kwa moyo wote, kama robo saa.

Kisha simu ikalia tena. Mboni alikuwa anaoga. Bwana Ziyad akasema wageni wa kwanza wanataka mtu wa kuwazamisha baharini wakaone matumbawe, je, Mboni anamjua yeyote?

Nikamwambia anaongea naye. Miaka ishirini nazamia.

Wanafika Alhamisi. Kesho naanza kujifunza kuogelea. Pipa la maji la uani linanifika kifuani, litatosha.