Sahani ya Kaka Yake Sokha

Leo nimeaibika, jamani, na hapa ninapoandika vidole bado vinanuka samaki.

Nianzie mwanzo. Wiki iliyopita nimerudi kutoka Kambodia. (Ndiyo, Kambodia. Wenzangu mnakwenda Tanga kuona wazazi, mimi nimekwenda kuona mawe.) Siku nne tu, peke yangu, nazunguka mahekalu ya kale ya Wakhmer. Mizizi ya miti imekumbatia kuta, nyuso kubwa za mawe zinatabasamu kila upande. Nilizipenda sana zile nyuso. Safari nzima ndizo pekee zilizonitazama bila kuniuliza kama nataka usafiri.

Nikarudi hapa Fridley, Marekani, na kamera imejaa picha. Wa kumwonyesha sina! Nikawapigia ndugu zetu wa Bloomington. "Tutakuja Bakari, wikiendi moja." Mnaijua hiyo wikiendi moja, haimo kwenye kalenda yoyote. Jioni nikaziangalia mwenyewe, nikajieleza mwenyewe, nikajiuliza na maswali. (Mengine sikuyajua majibu.)

Basi kiwandani tunakotengeneza milango nina mwenzangu wa shifti, Sokha, Mkhmer, asili yao hukohuko Kambodia. Ndiye rafiki niliye naye huku, nisiwafiche. Ijumaa akaniambia, "Jumapili njoo hekaluni kwetu. Ni sikukuu kubwa, mama yangu anapika. Lete na picha zako, atafurahi kuona kwao."

Mtu ameomba picha! Nikalala natabasamu kama yale mawe.

Leo asubuhi nikaendesha kuelekea kusini, mahindi kulia, mahindi kushoto, mpaka nikaona paa la dhahabu limechomoza katikati ya mashamba. Nimefika mapema. (Marekani imeniharibu. Zamani ningefika watu wananawa.) Sokha bado. Nikavua viatu bila kuambiwa, nikaingia kwa madaha. Mtu aliyekaa Kambodia siku nne haelekezwi!

Ndani, mama mmoja mfupi wa blauzi nyeupe alikuwa anapanga vyakula mkekani. Nikakutanisha viganja kifuani, nikainama.

"Mimi Bakari, nafanya kazi na Sokha."

"Aa, Bakari! Mimi mama yake." Kiingereza chake ni cha kuokoteza, changu pia, tukaelewana. Akanionyesha nikae. Mkekani! Roho yangu ikatulia.

Mbele yangu wali, samaki, ndizi, vijiti vya ubani vinafuka, na picha ya kijana kavaa joho, kwenye fremu safi. Nikasema moyoni, ahaa, mhitimu. Sasa niambieni, ningewaza nini kingine? Hapa Minnesota mtoto akimaliza shule, chakula hupangwa na picha yake ya joho pembeni, watu wanakula, wanampongeza, wanaondoka. Nimekula shughuli za namna hiyo mpaka za watu nisiowajua.

Mama akapakua wali, akamwagia mchuzi, akaweka kijiko. Akafumba macho, akakutanisha viganja akielekea upande niliokaa, akanong'ona maneno marefu. Kisha akainuka akaenda jikoni.

Mimi nikaelewa vizuri kabisa. Nimekaribishwa, tena mwenyeji amenipisha nile bila haya. Nyumbani kwetu ukiwekewa chakula ukakiangalia tu, umemtukana aliyepika. Nikanawa kwa maji ya chupa, bismillahi, kijiko nikakisogeza pembeni, nikaingia kwa mkono.

Samaki wa nazi! Tui zito, na mchaichai ndani yake. Tangu niondoke kwetu sijala samaki wa nazi nimekaa mkekani. Chakula changu huku nakula nimesimama jikoni, natazama magari ya majirani yamepaki. Machozi yakanilengalenga. Nikausingizia ubani.

Mama akarudi na birika la chai. Akaniona. Akasimama.

Mimi, kwa adabu zangu zote, nikamwambia, "Hongera sana, mama! Kijana amemaliza." Nikaionyesha picha kwa kidole chenye mchuzi. "Mwenyewe anakuja?"

Akanitazama. Akaitazama picha.

"Wanasema leo huja," akajibu polepole.

"Basi mkia namwachia!" (Ee Mola, kwa nini ulinipa ulimi?)

Hapo ndipo Sokha akaingia, nyuma yake ukoo mzima, na masufuria, na maua. Wote wakasimama mlangoni.

"Bakari," akasema, "hicho chakula ni cha kaka yangu."

"Najua, nimemwachia mkia."

"Kaka yangu amefariki. Gari liliteleza kwenye barafu. Leo ndiyo siku ya kuwalisha wafu wetu."

Nyie! Nimekula chakula cha marehemu, nimempongeza mama mfiwa, nimeuliza marehemu anafika saa ngapi! Nikatafuta pa kuficha ule mkono, sikupapata. Nikasema samahani kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa neno moja la Kikhmer ambalo nadhani maana yake ni "bei gani". Nikainuka nikafuate viatu vyangu. Moyoni nasema, rafiki ndiye huyo, kwaheri, na kesho tunasimama naye mashine moja.

Mama akasema kitu kwa lugha yao. Sokha akatafsiri.

"Anasema kila mwaka anampakulia, na kila mwaka sahani inarudi kama ilivyokwenda. Leo imeliwa." Akafuta jicho. "Anauliza, unaongeza?"

Niliongeza, jamani. Ningekataa vipi?

Baadaye mama akaidai kamera. Akaangalia picha moja moja, anagusa kioo, anataja majina ya mahekalu mimi niliyoyakosea. Alipofika mwisho akaanza tena kutoka mwanzo, kama anayetafuta kitu. Halafu akaniuliza, "Wewe uko wapi?"

Picha zote zile, na mtu wa kunishikia kamera hakuwepo.

Akampa Sokha kamera, akanivuta nikae kati yake na ile fremu, akasema kitu. Wote wakacheka, na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini.

Picha nimeibandika hapo chini. Mwenye wali kidevuni ni mimi. Tafadhalini msinicheke, katika safari yangu yote ndiyo pekee niliyomo.